Hesabu ya Tatu

Moja, mbili, tatu, bonyeza!
Na kila Ijumaa yupo anayebonyeza kwenye mbili.

Ni Drani. Siku zote ni Drani.
Yuko Juba, anadai saa za kule ziko nyuma ya zetu,
kwa hiyo ana haki ya kutangulia kidogo.
Tunamtukana. Tunarudisha filamu mwanzo,
tunahesabu tena.

Mimi niko Oli, hapa Arua, chumba cha nyuma
cha duka la kutengeneza simu.
Betri ya sola iko chini ya meza. Simu yangu mwenyewe ina ufa
unaomkata shingo kila steringi
(fundi wa simu, ndiyo, mnicheke tu).
Zamuzamu yuko Mulago, hosteli ya wauguzi,
anatazama ndani ya blanketi, sauti chini kabisa,
maana mwenzake wa chumba ameokoka na hapendi bunduki.
Ezati yuko Doha, kitanda cha juu,
ametoka kulinda geti la jumba ambalo hajawahi kuingia.
Saa yake na yangu ni moja,
ila kicheko chake hunifikia kimechelewa:
nimeshacheka, nimeshajifuta machozi,
ndipo kinaingia, peke yake, kama mgeni wa harusi
anayekuta masufuria yanaoshwa.

Enzi za kibanda cha Onzima hatukuhesabu.
Mabati, turubai la kuzibia mwanga, viti vya ubao,
shilingi mia tano, mia mbili ukikaa chini.
Kipaza sauti alikishika Ezati.
Wachina, Wahindi, Wamarekani,
wote walisema kwa kinywa chake:
Kiswahili, Kilugbara,
na Kinubi kidogo pale palipohitaji matusi.
Jambazi wa Hong Kong alikuwa na shemeji Rhino Camp.
Rubani, ndege ikianguka, alikumbuka deni lake la muhogo.
Na jenereta ikizima, Ezati hakuzima.
Aliimalizia filamu gizani, kwa mdomo,
tukatoka nje tukibishana kuhusu tulichokiona.
Mojawapo nilikuja kuitazama nzima mwaka jana.
Haiishii vile.
Ya Ezati iliisha vizuri zaidi.

Usiku huu kachagua Zamuzamu: binti anarudi kwao
baada ya miaka mingi, mamake yuko mlangoni.
Hakuna hata kofi. Drani analalamika.
Ezati anatafsiri, ingawa maneno yako chini ya picha
na sote tunajua kusoma.
Dakika ya hamsini na moja:
"Mama akamwambia, mwanangu, usi..."

Kimya.
Drani akalaumu mtandao. Zamuzamu akamlaumu Drani.
Kisha tukaisikia: pumzi ndefu, yenye kokoto,
mkoromo uleule uliotukosesha usingizi bwenini Mvara.
Saa kumi na mbili kwenye buti, kwenye jua lile.

"Tusimamishe," alinong'ona Zamuzamu. "Kwa hesabu."
Na kwenye tatu, hata Drani alikuwa kwenye tatu.

Mama akabaki kinywa wazi kwenye kioo changu,
ufa ukipita katikati ya kiganja alichokinyoosha.
Hakuna aliyekata.
Zamuzamu alisema amebakiwa na megabaiti mia na arobaini.
Drani alisema, "Yangu itaisha kwanza. Akiamka
mniambie alitaka kusema usi-nini."
Ujumbe wa kampuni ukaingia kunikumbusha
kwamba nimetumia asilimia tisini.
Nikaufuta. Nikaisogeza simu karibu na betri,
nikainama na kibisibisi kwenye simu ya mteja,
taratibu, nisigongegonge.

Nje mbwa wa jirani alibweka mara mbili.
Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne,
na Ezati, katikati ya usingizi, huko Doha,
akasema kwa Kilugbara,
"Mfukuze huyo."