Swali la Kumi na Nne

Profesa alinipa karatasi mia mbili,
kalamu tatu, na kofia yenye jina la chuo.
"Nenda Kongowea," akasema, "waulize
kwa nini wameacha noti wakashika simu.
Moja ni sikubali kabisa. Tano ni nakubali sana.
Wasitoke nje ya visanduku."

Saa moja asubuhi soko limeshalowa,
maji ya kabeji yapita chini ya viatu vyangu vya mjini.

Kadzo wa mchicha hakungoja salamu:
"Chenji, mwanangu. Andika chenji.
Mtu aja na elfu nzima, ataka fungu la ishirini,
nami nalizunguka soko kama kuku atakaye kutaga.
Sasa atuma ishirini yake, aenda zake."
Urahisi wa matumizi: tano.

Mbwana Faki wa vitunguu alicheka kwanza.
"Mfuko hujulikana na ndugu wote. Simu ina namba ya siri.
Shemeji akija kukopa naugeuza mfuko nje ndani:
mtupu, wallahi, si waona?"
Manufaa: nne.
Ile moja aliipunguza kwa ajili ya makato.

Mama mmoja wa ndimu hakutaka jina lake liandikwe.
Alifungua fundo la leso, tupu, akalifunga tena.
"Sarafu zina mdomo. Hulia usiku,
na kwangu kuna mtu alalaye macho."
Hakuongeza. Nami sikuchimba.
Pale chini ya karatasi pana mstari wa Mengineyo,
mfupi kama ukucha.

Adhuhuri ikanikuta kwa Bi Mwanasha,
muuza tambi za stovu na vifuniko vya chupa za chai.
Mavazi ya kahawia, sauti ya mtu asiyependa kurudia.
Tukaenda vizuri hadi la kumi na nne:
*Natumia malipo ya simu kwa sababu
watu walio muhimu kwangu wanaona nifanye hivyo.*

Akanyamaza. Akafuta kifuniko kimoja mara tatu.

Kijana akaja, akachukua tambi mbili,
akabonyeza, akainua uso:
"Ni Shebwana Athumani Mzee?"
"Ndiye."
Akaja mwingine, mtoto begani:
"Yaniletea Shebwana..."
"Ndiye huyo. Tuma."

"Mume wangu," akaniambia, bila kunitazama.
"Laini ni yake. Huu mwaka wa tatu tangu tumzike.
Wanangu kila siku: Mama, nenda ukabadilishe jina,
ni kitambulisho tu na cheti cha kifo.
Cheti ninacho. Ki kabatini, chini ya kanzu zake.
Lakini nyumbani hakuna amtajaye tena,
waogopa nitalia.
Hapa, siku ikiwa njema, hutajwa mara arobaini."

Kalamu ikasimama.
Watu walio muhimu kwangu.
Wanaona nifanye hivyo.
Moja? Tano?
(Baadaye profesa atazungushia kwa wino mwekundu:
mhojiwa wa themanini na saba, jibu halipo.)

"Weka utakacho," akasema Bi Mwanasha.
"Swali lako si baya. Limekosa mahali pa kukaa tu."

Kanuni ya utafiti: kila ajibuye apewe shilingi mia.
Nikatoa noti, nikaikunja kwa adabu.
Akaitazama kama mtu aliyeletewa barua ya jirani.
Nikairudisha mfukoni. Nikatoa simu,
nikaandika namba alivyonitajia, tarakimu moja moja,
na kabla ya kutuma, kioo kikaniuliza
kama huyu ndiye nimkusudiaye.

Nikasoma kwa sauti majina yote matatu.

Naye, akimhesabia mteja tambi, mgongo kanipa:
"Ndiye."