Kifutio Kimehama

Kidole kimekwenda kona ya kushoto
kama mpangaji aliyehama jana
akarudi usiku kugonga mlango wa zamani.
Kifutio hakipo.

Programu ile ilinijua.
Hii inaniuliza kila jambo, tena mara mbili.
Nafuta kovu la Mzee Kibwigwa,
linaondoka na sikio.
Narudisha sikio,
ziwa lote nyuma yake linageuka zambarau.

Hapa Mwanga, saa kumi, umeme unachezacheza.
Binti yake kaegemea kaunta,
picha ni ya arobaini, kesho.
"Basi liache," anasema.
"Alilipata Uvinza, kwenye chumvi.
Hata kaburini kaenda nalo."

Nachapa.
Kovu linatoka kwanza, bichi, lina unyevu wa wino.

Kidole, kijinga,
bado kinapapasa kushoto.