Daftari la Chukwani, 1916

Sanduku namba kumi na saba: bawa moja, la kushoto.
La kulia halijulikani lilipo.
Nimeandika. Afisa katia sahihi bila kusoma.

Gundi imeyeyuka tena kwa joto,
ndege inabanduka ngozi kama ng'onda iliyosahauliwa juani.
Tuliomba gundi nyengine Mfunguo Tano.
Jawabu limekuja Rajabu:
"Fomu mliyojaza ni ya farasi."

Rubani, mtoto wa juzi, uso umejaa chunusi,
kaniuliza, "Karani Vuai, tuna ndege ngapi?"
Kwa daftari, tatu.
Kwa macho, moja na pangaboi.

Usiku nikipunguza utambi
humfikiria karani wa Mdachi, huko kwao Berlini,
naye kainamia rundo lake,
naye kaulizwa kwa nini hesabu haziruki.
Pengine ghala lake limejaa mabawa ya kulia matupu.

Leo fundi Pandu kachoka kungoja.
Kaziganda mbavu kwa utomvu wa mbibo.
Ndege imekwenda, imerudi,
inanuka mabibo.

Daftari halina safu ya mbibo.
Nimechovya kalamu:
"Gundi. Imepokewa."