Siku Nane Bazovica

Tawi bichi limening'inizwa njia panda
na kibao chenye mshale:
kwetu kuna divai, siku nane tu,
kisha mlango hufungwa hadi mwakani.
Upepo unaotushukia kutoka nyanda za mawe
Waitaliano huuita bora.
Aliyeupa jina hilo hajawahi kuanika shuka.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya misonobari,
kuna jengo la duara, pana kama uwanja wa mpira.
Humo elektroni hukimbia zisifike,
na kila zikipindishwa kona hutoa mwanga,
kama mtu anavyoguna akigeuka kitandani.
Huko ndiko ninakofanya kazi usiku.
Mchana namenya viazi.

Fuwele ninazozimulika ni ndogo kuliko punje ya chumvi,
zimegandishwa kwa naitrojeni,
na ndani yake protini ile ile, mara bilioni, imejipanga safu.
Ni protini ya ulimi:
mlango ambao ladha huubisha.
Hakuna kati yetu aliyeuona huo mlango.
Tunatupa mwanga, mwanga unapinda,
na kwenye skrini yanaanguka madoa,
mamia, kama kisibiti kilichomwagika juu ya kitambaa cheupe.
Tunapima umbali wa doa na doa
hadi mlango ujitaje wenyewe.

Mama alichomwa mionzi shingoni mara thelathini na tatu.
Uvimbe ukafa. Tezi za mate nazo zikafa,
na ladha ikaondoka bila kuaga.
Miezi sita, alisema daktari Furlan, pengine mwaka.
Huu ni mwaka wa tatu.
"Mkate ni sponji," asema mama.
"Divai ni maji yaliyotiwa rangi.
Lakini paja la nguruwe nani alikate? Wewe?"

Basi anapika jota kwa kumbukumbu ya mkono:
maharage yaliyolala majini,
kabichi chachu ya pipani,
ubavu uliokula moshi tangu Januari.
Halafu ananinyooshea kijiko: "Chumvi?"
Nami, niliyesomea fizikia miaka tisa,
nageuka ulimi wa kuazima.

Siku ya tano nilimfanyia jaribio.
Mabakuli mawili, moja bila chumvi, jingine maradufu,
nambari zimeandikwa kwenye vitako,
nimeyazungusha nisijue hata mimi lipi ni lipi.
Akayatazama. Akanitazama.
"Mimi si panya wako, Milojka."
Akayamimina yote mawili chunguni, akakoroga.
Hivyo ndivyo takwimu zangu zilivyoliwa na wageni.

Siku ya nane nilitoka zamu alfajiri,
macho yamejaa madoa,
nikatia chumvi, nikasahau, nikatia tena.
Hakuna aliyesema neno.
Livio wa reli alikula,
wajane wawili wa Padriče walikula,
Ruggero wa maabara yetu akaomba aongezwe.
Mama akapita na sahani za mayai,
akainama sikioni kwangu:
"Chumvi imezidi."

Kijiko kilinitoka.
"Umeionja? Mama, umeionja?"
Akaelekeza kidevu meza ya dirishani.
"Livio hajaagiza maji tangu mazishi ya baba yako.
Leo mara mbili.
Na wale wawili wanamega mkate
kabla ya kila kijiko. Lete kiazi."

Sikuleta. Nilisimama nikitazama kitambaa,
duara za glasi zilizolowa, chembe za mkate,
umbali wa chembe na chembe.
Akakifuata kiazi mwenyewe, akakikata mara nne,
akakitosa chunguni kinywe kinachoweza kunywa.

Nje, tawi lilikuwa limeshang'olewa na upepo.
Tulibakiwa na nusu chungu,
na saa mbili kabla ya kufunga.