Nguo ya Kuazima

Wimbo ulifika Vienna uchi,
ndani ya bahasha, sauti tupu bila neno,
na mtunzi, ambaye hakuwahi kuikanyaga Uskoti,
alilipwa kama fundi cherehani: kwa kipande.
Akaupima mabega. Akaushonea fidla,
akaushonea selo, akaipa piano kazi ya kutangulia mlangoni
ipige hodi, mapigo manne, kabla mtu hajaimba.

Sisi tunaufanyia mazoezi Upanga,
ghorofa ya pili, juu ya duka la daftari,
kwa piano ambayo fa yake imevimba kwa unyevu
na kila Machi ikibonyezwa hainyanyuki.
Naikwangua kwa ukucha. Naendelea.
Nurdin Pirbhai kaikumbatia selo kama gunia la mkopo.
Eliamani anahesabu kwa kidevu.
Mwanaidi ameishika karatasi mbali na macho,
miwani kaisahau Tandika.

"Huyu mwanamke," anauliza, "anamngoja nani?"
Hakuna ajuaye. Maneno yalitiwa baadaye,
na mtu mwingine, katika mji mwingine,
mtunzi alipokwisha kula ujira wake.
Kuna kilima, kuna ukungu,
kuna kijana aliyevuka maji na jeshi la mfalme.
"Basi ni mwanawe," Mwanaidi anaamua,
na ubeti wa pili anauvuta
kama anayemwita mtu ng'ambo ya Barabara ya Bibi Titi
saa kumi na moja jioni, magari hayasimami.

Mimi nilifundishwa kuucheka wimbo huu.
Mwalimu alisema: mchunga kondoo kavishwa tai;
nguo ya kuazima haisitiri matako.
Nikacheka. Nikafaulu mtihani.

Leo fundi wa feni yuko juu ya ngazi,
Chilongani, bisibisi mdomoni,
na tulipofika kiitikio akaanza kuguna nasi.
Habahatishi. Anajua tunakoenda,
anatutangulia, anatusubiri kwenye kona.
Eliamani akashusha upinde.
Fundi akaitoa bisibisi:
"Hii mmeitoa wapi? Kwetu Mvumi
tunaiimba tukipura mtama.
Ila nyie mmeiongezea vitu."

Nikazihesabu kwa kidole: tano.
Do, re, mi, so, la.
Fa haimo.
Miaka yote hii naikwangua fa
na wimbo wenyewe haujawahi kuihitaji;
ni ya mtunzi, aliitia mkono wa kushoto,
labda chumba chake kilikuwa na baridi.

Tukarudia bila piano. Halafu bila selo.
Halafu Mwanaidi na fundi tu,
yeye chini, huyu darini, feni haijazunguka,
jasho linatushuka, na hakuna aliyepungukiwa.

Nikakaa mikono mapajani.
Ningependa kusema niliridhika.
Lakini niliikosa ile hodi, mapigo yale manne
ya mtu asiyeijua nyumba
na bado akavua viatu mlangoni.

Nikaikwangua fa. Nikabisha.
"Karibu," alisema Chilongani, bila kutazama chini,
akaomba mtu amshikie ngazi.