Samaki wa Kutazama

Mama mkwe alikuja toka Nansio na boga na kuku,
akaketi, akatazama sanduku la kioo sebuleni,
akauliza, "Hawa mtawakaanga lini?"
Nikasema, "Hawa ni wa kutazama, mama."
Akageuka, akanitazama mimi.

Mwanza hii, mji unaonuka samaki hata Jumapili,
mtu kufuga samaki ndani ni sawa na kununua mawe.
Najua. Kabula, jirani yangu, keshanisema dirishani.

Lakini miaka kumi na tisa nilisimama kiwandani,
buti nyeupe, kisu cha minofu,
sangara baada ya sangara baada ya sangara.
Minofu ikapanda ndege,
vichwa na miiba vikashuka kwa mama zetu,
vikaitwa mapanki, vikakaangwa juani.
Siku moja nilipasua tumbo la jike la kilo arobaini,
nikakuta furu mmoja, mzima, hajasagika,
ubavu wake bado mwekundu kama kanga mpya.
Msimamizi akapiga makofi: "Mzee Bwire, mkanda unatembea!"
Nikamtia furu mfukoni mwa aproni.
Hadi leo sijui kwa nini.

Walipotupunguza, kiinua mgongo kilikuwa kidogo.
Sikununua bodaboda.
Nilikwenda kwa Malimi, fundi wa vioo, Mabatini:
"Nikatie futi nne, na gundi isiyo na sumu."
Mwanangu Magesa akaniletea sita toka mawe ya Luchelele,
kwenye ndoo ya rangi, mfuniko umetobolewa kwa msumari.
Wawili walikufa kwa maji ya bomba.
Sasa maji nayalaza siku mbili kwenye beseni,
kama hasira, mpaka ukali utoke.
Joto nalipima kwa kipimajoto cha wajukuu:
ishirini na sita, joto la ziwa saa nne asubuhi.
Julai, upepo ukishuka kutoka Bugando, nawasha hita
na mke wangu anahesabu yuniti.

Kuna jike mmoja, wa kijivu, hana hata jina.
Aliacha kula.
Nikadhani mgonjwa, nikamtenga kwa kipande cha chandarua.
Kumbe amejaza mdomo watoto.
Kidevu kimevimba, mdomo umefumba,
chakula kinampita puani naye anakitazama tu.

Usiku ule wa mgeni, umeme ukakatika mtaa mzima.
Pampu ikanyamaza.
Kimya kile nakijua, ni cha mkanda unaposimama
na mtu hajui ni hitilafu au ni kufukuzwa.
Nikawasha tochi ya simu, nikashika kikombe cha bati,
chota, inua, mwaga toka juu,
chota, inua, mwaga, maji yapate pumzi.
Saa saba. Saa nane. Bega la kisu likaanza kudai.

Nikasikia kandambili.
Bibi Nyanjige, kitenge begani,
akachungulia lile jike, kidevu chake, ule mdomo.
Akakaa hivyo muda mrefu.
"Huyu ana wana."
"Ndiyo, mama."
"Nami mwaka ule wa njaa nilifumba hivi hivi."
Nikaweka kikombe mezani, maana mkwe hupokezwi mkononi,
naye akakichukua.
"Kalale. Kiwanda kilikuchosha."

Sikulala. Nilimsikia nyuma ya ukuta akimwaga maji
na kuita kwa Kikerewe, mmoja mmoja,
majina niliyowahi kuyasoma makaburini tu.

Alfajiri pampu ilianza kukoroma.
Watoto walikuwa nje, vumbi lenye macho,
na mama yao, mdomo wazi, anakula.
Bibi Nyanjige amesinzia kitini, kikombe mapajani,
maji kidogo ndani.
Sikuyamwaga.