Udongo wa Chipanga

Mwezi wa tisa dimbwi limekauka,
limepasuka kama visigino vya shangazi.
Hapa ndipo nafyatua matofali:
jembe, kibao, na maji ya kununua,
ndoo shilingi mia tano.
Sikujua nakanyaga kitanda cha watoto.

Alikuja kijana wa chuo, Ndahani, na viatu vyeupe
(havikukaa vyeupe),
akachota udongo wangu konzi moja,
akautia kwenye beseni langu la kufulia,
akamimina maji. Tusubiri, akasema.
Nikacheka. Nani avue samaki kwenye vumbi?

Asubuhi beseni lilikuwa na macho.
Macho tu, mawili mawili,
na uzi wa mwili ukiyafuata.

Akanieleza. Dimbwi likijaa wanaanguliwa,
wanakula viluwiluwi vya mbu,
wanakua mbiombio kama waliokopeshwa siku.
Wiki ya sita dume kavaa nyekundu na buluu,
jike, kijivu chake kilekile, anashuka naye topeni,
wanatetemeka bega kwa bega,
yai moja. Wanalizika.
Kesho jingine.
Mwezi wa tano maji ni mchuzi,
wa sita, yangeyange wanadonoa waliobaki.
Katika samaki hao, akasema,
hakuna aliyewahi kumwona mama yake.

Nikashika jembe, nikaliachia.
Naitwa Mchiwa. Kwa Kigogo, yatima.
Jina nililipewa siku niliyozaliwa
na watu waliotoka kuzika,
udongo ungali kwenye kucha zao.

Na mvua ikidanganya? nikamuuliza.
Huku hudanganya: siku mbili za Novemba,
unapanda uwele, kisha jua tupu.
Akasema si mayai yote yanayoiamini mvua ya kwanza.
Mengine hulala tu, yakingoja ya pili,
mengine mwaka mzima,
kama lile debe la mbegu
ambalo shangazi alilikalia
nasi tunalia njaa, asilifungue.

Matofali elfu mbili ya mwaka jana
nimekwisha kuyachoma. Ndiyo ukuta wa zahanati,
wodi ya wazazi.
Sijui ni wangapi walioungua mle.

Mwaka huu nachimba upande mmoja.
Ule mwingine nimeuzungushia miiba.
Majirani wanapita, wanauliza nimepanda nini
kwenye ardhi kavu hivyo.
Nawajibu: bado.